Mate Yangu kwa Namba ya Mwengine

Nilitema mate katika kijichupa cha mwanamke mwengine, nikakifunga, nikakibandika namba yake. Hilo ndilo kosa langu lote, na ninalitaja mapema ili msomaji asikae akisubiri kubwa zaidi. Sikuiba wala sikumpiga mtu. Nilitema mate tu, nyuma ya jiko la watu, huku nikitazama saa.

Kazi yangu ni maabara. Ninafanya katika kliniki moja ndogo ya Mji Mkongwe, ghorofa ya chini, chumba ambacho taa haizimwi hata adhuhuri kwa sababu vichochoro vyetu havina ukarimu wa jua. Miaka michache iliyopita walikuja watafiti wa chuo kimoja cha nje, pamoja na wenzao wa bara, kutafuta historia ya watu wa Unguja kwa njia ya vinasaba. Walitaka mtu anayejua kuchukua vipimo na anayejua kuzungumza na wazee. Kuchukua vipimo nilikuwa najua. Kuzungumza na wazee nilidhani najua.

Mkuu wa utafiti alikuwa mwanamke mpole, mwenye subira ya kueleza jambo moja mara tatu. Alituambia kwamba mtu hurithi kwa baba na kwa mama, na urithi huo huchanganyika kama unga na tui, huwezi tena kuutenga kwa jicho. Lakini ipo sehemu moja ndogo ambayo mtoto huipata kwa mama peke yake, na mama kaipata kwa mama yake, na yule kwa mama yake, haichanganyiki na ya mwanamme yeyote aliyepita njiani. Ipo nyengine inayotoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume. Ukizifuata hizo mbili unaweza kujua watu walitoka wapi hata kama wenyewe wamesahau, au wamejisahaulisha. Akasema katika pwani yetu njia hizo mara nyingi hazendi pamoja. Ya kiume huvuka bahari, ya kike huingia bara.

Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nilielewa kweli, ila nilikuwa nikiyafikiria majumba ya watu wengine.

Kwetu shajara ya ukoo, ule mti wa majina ya wazee, imetundikwa ukumbini, ndani ya fremu yenye kioo, na kaka yangu mkubwa huipangusa vumbi kwa mkono wake. Inaanza na mzee mmoja wa kusini mwa Arabuni, inateremka mwana kwa baba mpaka kufika kwa kaka. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa binti wa ami yake baba, kwa hivyo yeye naye alijihesabu humo humo. Hatukuchanganyika, ndivyo alivyokuwa akisema. Tuliyaamini hayo kiasi kwamba mpwa wangu alipoposwa na kijana mmoja wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, mwalimu, mswalihina, hana baya, mimi ndiye niliyetumwa kupeleka jawabu. Nilimwambia mama yake yule kijana, nikiwa nimekalia kiti chake na nimekunywa chai yake, kwamba mtoto wenu mzuri ila asili yake hatuijui. Yule mama alinisindikiza mpaka mlangoni. Nami nikarudi nyumbani nikijisifu kwamba nimesema kwa adabu.

Basi huyo ndiye mtu aliyepewa vijichupa akaambiwa aende Jambiani.

Tulikaa huko siku nne. Wanawake walikuwa kwenye mwani maji yanapotoka, kwa hivyo tuliwasubiri mpaka yajae, wakaja skuli nguo zimeganda chumvi, wakakaa kwenye mabenchi ya watoto. Kila mmoja nilimjazia fomu kwanza. Baba kazaliwa wapi, mama kazaliwa wapi, babu na bibi wa pande zote mbili. Karibu wote walijibu neno moja: hapa hapa. Bibi mzaa mama? Hapa hapa. Na mimi niliandika huku nikicheka kimoyomoyo, maana kwa jeuri yangu ya mjini niliona watu wa shamba wanajikosha.

Siku ya mwisho niliambiwa yuko bibi mmoja hawezi kutembea kufika skuli, magoti yanamsumbua, lakini anataka sana kupimwa. Tukamfuata kwake kwa gari. Nyumba ya mawe yenye paa la bati, uwanja umefagiwa, na yeye amekaa kwenye mkeka anasokota kamba za makumbi juu ya paja. Umri wake umepita themanini kwa hesabu zake mwenyewe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikaanza maswali.

Alipofika kwa bibi yake mzaa mama aliacha kusokota.

"Bibi yangu kaletwa," akasema. "Andika hivo hivo. Kaletwa mtoto, meno bado yanamng'oka."

Hakuna mtu aliyekuwa amenijibu hivyo. Kwetu jambo kama hilo, la utumwa, husitiriwa, hata baina ya ndugu. Nikainama, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba akipenda naweza kuandika hapa hapa, kama wenziwe. Nilidhani ninamfanyia hisani.

"Kwani kaiba nini hata afichwe?" akaniuliza.

Nikaandika kaletwa. Akanieleza kwamba bibi yake huyo ndiye aliyemlea, na kwamba jina analo, kaburi lake analijua, kitu asichokijua ni kwao. Yule bibi mwenyewe alikuwa hakumbuki jina la mji wala la watu wake. Alikumbuka jambo moja tu: kwao kulikuwa na maji makubwa, ukisimama huoni ng'ambo, na watu wanayanywa. Alikuwa akilisema kila walipokwenda pwani pamoja, na watoto wakimcheka, maana maji makubwa waliyoyajua wao hayanyweki.

Nikampa kijichupa, nikamwambia ateme mpaka kwenye mstari. Mate yakatoka mekundu. Alikuwa na tambuu shavuni, na sharti la kwanza ni kuwa mtu asile wala asitafune kitu kwa nusu saa. Nikampa maji asukutue, tukasubiri. Mara ya pili yakatoka mekundu tena, na membamba. Mara ya tatu kinywa kilikuwa kikavu, akajitahidi mpaka macho yakamtoka machozi, na kilichopatikana kilikuwa tone lenye rangi ya kutu. Vijichupa nilivyobaki navyo vilikuwa viwili. Dereva alikuwa amekwisha piga honi.

Naye aliuona uso wangu.

"Msiniache, mwanangu," akasema. "Mie sina siku nyingi. Nikifika huko akiniuliza kama nimemtafutia kwao, ntamwambia nini?"

Jawabu lilikuwa rahisi. Ningekaa saa moja. Ningempa maji anywe, ningemwambia dereva azime gari akale, na saa moja baadaye mate yangepatikana. Lakini siku ile kulikuwa na harusi ya binti wa shangazi yangu mjini, na mpakaji wa hina alikuwa ameniahidi nafasi kabla ya Magharibi, mikono na miguu, piko na maua. Nikichelewa angewashika wengine. Hicho ndicho kilichokuwa kwenye mizani, ndugu msomaji: bibi wa mtu upande mmoja, na maua ya hina upande wa pili. Nimejaribu miaka yote hii kujiambia kwamba nilifanya kwa huruma, kwamba sikutaka avunjike moyo. Huruma ilikuwepo kidogo, kama chumvi. Chakula chenyewe kilikuwa hina.

Nikamwambia, haya bibi, yametosha, nakwenda kuyatia dawa. Nikazunguka nyuma ya jiko, nikatoa kijichupa kipya, nikatema mpaka kwenye mstari. Mate yangu yalikuwa safi kama ya mtu anayefuata masharti. Nikabandika namba yake. Nilijiambia mwanamke ni mwanamke, na mmoja katika umati hatoharibu hesabu ya watu wazima na mashine zao. Nikarudi, nikambusu mkono. Akanipa mafungu mawili ya kamba aliyoisokota mwenyewe, nikayapokea. Hina yangu ilikolea vizuri, kila mtu aliisifu.

Ilipita zaidi ya mwaka. Watafiti walikuwa wamewaahidi watu kwamba atakayetaka atapelekewa karatasi yake, na wale waliotaka hawakuwa wengi. Bahasha zikaletwa kliniki ili nizigawe. Nilizipanga kwa namba juu ya meza yangu, na ile ya bibi nikaiweka pembeni, kisha nikaifungua. Nilikuwa nimeshasahau kuogopa. Nilidhani nitasoma habari za Arabuni na kucheka.

Karatasi ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili chepesi, kwa makusudi ya kueleweka. Ilisema urithi wa mshiriki huyu umechanganyika. Fungu moja linafanana na la watu wa kusini mwa Bara Arabu, na fungu kubwa kuliko hilo linafanana na la watu wa pwani na bara ya Afrika Mashariki. Kisha ikasema kwamba uzao wake wa kikeni, yaani ule wa mama kwa mama, unafanana zaidi na wa watu wanaoishi leo kando ya Ziwa Nyasa. Chini yake kulikuwa na onyo kwamba kipimo hakiwezi kutaja kabila wala kijiji, wala kueleza mtu alifikaje alikofika.

Nilisoma tena. Nilitafuta njia ya kusema si yangu, na njia pekee ilikuwa kusema ni ya yule bibi, nami ndiye mtu mmoja duniani aliyejua kwamba si yake.

Nilirudi nyumbani nikasimama mbele ya shajara. Kwa mara ya kwanza nilitafuta mwanamke ndani yake, sikumwona hata mmoja. Nikamkumbuka bibi yake mama, yule mzaa mama yake. Sikumuwahi, lakini nilikuwa nimemsikia akitajwa nusu nusu, kwamba alikuwa mpishi hodari, kwamba alikuwa hasemi sana. Katika harusi na misiba yetu ndugu walikuja kutoka kila upande, na upande wake hakuja mtu. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza mama, bibi yako yule kwao wapi? Mama alikuwa anachambua mchele. Akajibu hapa hapa, wala hakuinua macho.

Kwa hivyo alikuwa mjakazi, akawa suria wa mtu aliyemo ndani ya fremu, akazaa, na watoto wake wakapandishwa kwa baba yao, yeye akabaki jikoni. Kama yule aliyemlea bibi wa Jambiani, naye aliletwa. Tofauti ni kwamba mjukuu wa Jambiani alisema kaletwa, na sisi tulisema hapa hapa.

Napenda kusema kwamba nilitahayari kwa ajili ya yale tuliyomfanyia. Si kweli. Siku ile nilimwonea haya yeye. Niliona haya kuwa na damu yake, nikaitia ile karatasi ndani ya bahasha na kuifunga kama mtu anayeficha ugonjwa. Nilikwenda mbali zaidi katika upuuzi: nilijitazama kwenye kioo pua na midomo, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu. Mama wa yule mwalimu wa Ng'ambo alinijia akilini, na chai yake. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimeonyeshwa langu kwa maandishi.

Nilikwenda Jambiani nikiwa nimeshaamua la kusema. Ningemwambia mate yako yaliharibika, samahani. Ungekuwa uongo, lakini uongo usiochukua kitu. Ile bahasha niliichukua kwenye mkoba kwa sababu sikuthubutu kuiacha nyumbani, kaka asije akaiona.

Nilikuta nimeandaliwa. Bibi alikuwa ameoga, amevaa kanga mpya zilizobaki na wanga wa dukani, na mjukuu wake anayesomesha skuli ya hapo alikuwa ameomba ruhusa ili aje asome. Chai na mkate wa kumimina. Nilipouliza hali hakunijibu hali.

"Umeniletea?" akasema.

Na mkono wangu ukaingia mkobani. Sijui kuueleza vyengine. Nilikuwa na maneno mdomoni na mkono ukafanya kazi yake, kwa sababu kumvunja moyo mtu aliyekaa hivyo mbele yako kunahitaji ushujaa, na mimi ushujaa nilikuwa sina. Mjukuu akaipokea, akasoma kwa sauti, taratibu. Alipofika kwenye Bara Arabu bibi akacheka, akauliza huo Uarabu kaupata wapi yeye, na mjukuu akasema labda upande wa babu. Watu hawakosi labda. Kisha akasoma Ziwa Nyasa.

Bibi akamkatiza. "Maji yake yana chumvi?"

"Hayana, bibi. Watu wanayanywa."

"Na ng'ambo?"

"Pahala pengine huoni."

Akajifunika uso kwa kanga. Alilia bila sauti, mabega tu, na mjukuu naye akaanza, na mimi nikakaa na kikombe mkononi nikijua kwamba bara kuna maziwa makubwa zaidi ya moja yenye maji ya kunywa, mtoto wa darasa la nne anayachora kwenye ramani. Bibi yake angeweza kutoka kwenye lolote kati ya hayo. Nilikuwa nimemnyang'anya kwao na kumpa kwetu, na kwetu kwenyewe ni kule nilikokuwa nakuonea haya. Akanishika mikono yote miwili akaniombea dua, mimi na uzao wangu. Niliitikia amin.

Wiki tatu baadaye mjukuu alinipigia simu. Bibi ameamua kumsomea hitima bibi yake, maana sasa amejua wa kumtaja pamoja naye, na mimi ndiye mgeni wa heshima, nisikose. Nilitafuta udhuru. Kila nilioupata niliuona mdogo kuliko deni lenyewe, nikaenda.

Ilikuwa Jumapili asubuhi. Wanaume walikaa nje kwenye mikeka wakagawana juzuu, kila mmoja na yake, wakasoma kwa pamoja mpaka uwanja mzima ukawa unavuma. Wanawake tulikuwa ndani na ubani. Bibi alinikalisha ubavuni pake na kumwambia kila aliyeingia kwamba huyu ndiye aliyemtafutia kwao. Wakanipa mikono. Wengine walikuwa wale wale niliowaandikia hapa hapa nikiwacheka.

Walipomaliza kusoma, mwalimu aliyewaongoza akaomba dua. Alimtaja marehemu kwa jina lake, akaomba thawabu za kisomo zimfikie yeye, na mama yake, na mama wa mama yake, na wazee wake wote wa kikeni waliotoka upande wa Ziwa Nyasa na ambao hapana aliyebaki wa kuwaombea. Hayo ya mwisho ndiyo yaliyonivunja. Kwetu kila mwaka kabla ya Ramadhani tunasoma hitima, na kaka huleta orodha ya marehemu, ndefu, na mara zote nilizoisikia ikisomwa yule mpishi hodari hakuwemo. Hapana aliyewahi kumwombea mbele ya watu. Sasa alikuwa anaombewa, na kijiji kizima, katika nyumba ya mwanamke niliyemdanganya, juu ya chakula alichokipika yeye kwa ajili ya mwengine. Nikalia mpaka nikatolewa uani. Walisema nina moyo laini.

Wageni walipoondoka nilibaki kusaidia kuosha masinia. Bibi alikuwa amekaa kwenye kibao anayapokea na kuyakausha. Mjukuu alikuwa ametoka kurudisha mikeka ya jirani. Nilijua kwamba nikipanda gari bila kusema sitosema tena, nikasema huku nikiendelea kusugua, kwa kuwa sikuweza kumtazama.

Nilimwambia yote. Tambuu, kijichupa, nyuma ya jiko. Nilimwambia na hina, ingawa ningeweza kuiacha. Nilimwambia karatasi ni yangu na wa Nyasa ni wangu.

Aliacha kukausha, sinia limemkaa mapajani.

"Kwa hivo aliyesomewa leo ni bibi yako," akasema.

Nikamwambia na wako pia, bibi, ametajwa kwa jina lake, thawabu zimemfika.

"Kwa jina zimemfika. Lakini waliotajwa nyuma yake si mama yake. Mama yake hajatajwa." Akalitazama lile sinia, akaliweka chini. "Wako kashasomewa. Wangu bado."

Hakunitukana. Nilimwomba radhi, akasema radhi ataitazama, leo hana. Kisha akaniuliza kama naweza kumletea kijichupa chengine. Nikamwambia kazi imefungwa, watu wameondoka, mashine ziko kwao. Baadaye nilimwandikia mkuu wa utafiti, nikakiri, nikamwomba kipimo kimoja tu kwa ajili yake. Alinijibu kwa mistari michache ya adabu kwamba ile namba imeondolewa kwenye hesabu zao, na kwamba mradi umekwisha. Kwa hivyo katika historia ya watu wa Unguja iliyoandikwa kwa mate yao, yule bibi hayumo kabisa, na aliyemwondoa ni mimi.

Lakini siku ile uani nilikuwa bado sijajua hayo. Nilikuwa nasubiri aniruhusu niondoke. Badala yake akanyoosha mkono nimwinue.

"Twende," akasema. "Waliosoma wanatakiwa wajue wamemsomea nani. Siwezi kulala na kisomo cha watu kimekwenda siko."

Nikamsihi. Nilimwambia magoti yako, nilimwambia nitakwenda mwenyewe nyumba kwa nyumba, uongo mwengine, maana nisingekwenda. Nilimwambia tungojee kesho. Alikuwa ameshasimama, uzito wake wote umeniangukia begani, na hakukuwa na njia ya kumkataa bila kumwangusha.

Tulizunguka nyumba sita au saba, polepole, jua la alasiri usoni. Kila mlango alibisha hodi, akakataa kukaa, akasema maneno yale yale. "Ile karatasi haikuwa yangu, ilikuwa ya huyu. Wale wa Nyasa mliowaombea ni wazee wake. Wangu bado sijui kwao." Kwa nini haikuwa yake hakusema. Nilisubiri aseme, kila nyumba, mgongo umenitota jasho, naye akasita pale pale na kunyamaza, akaniachia mimi niseme au nisiseme. Nyumba mbili za mwanzo nilinyamaza. Ya tatu nilisema, sauti haikutoka vizuri, ikabidi nirudie.

Nilikuwa tayari kwa matusi. Ninajua jinsi ya kukaa na matusi. Walichonipa ni pole. Walinitazama, mtu wa mjini mwenye mkoba na viatu, wakaona mwanamke aliyefiwa. Mmoja akanishika bega akasema Mola amrehemu bibi yako, alikuwa mtoto wa watu. Mwengine akaniuliza kama nilimuwahi. Kwetu mjini hakuna aliyewahi kunipa pole kwa ajili yake, na mpaka leo hakuna, kwa sababu kwetu mjini sijamwambia mtu. Karatasi ninayo. Kaka hajaiona.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mwalimu aliyeomba dua. Alikuwa nje anamwagia maji miche yake ya mipapai. Alitusikiliza mpaka mwisho, akaweka ndoo chini, akafuta mikono kwa msuli aliojifunga kiunoni. Hakunilaumu. Alisema jambo hilo linatengenezeka, ataliombea upya hapo hapo, kila mmoja apate chake. Akaanza na bibi wa bibi, akamtaja kwa jina, na mama yake na watu wake popote walipokuwa. Kisha akanigeukia.

"Na huyu wako," akasema, "tumtaje nani?"

Nilifungua mdomo. Najua alikuwa mpishi, najua alikuwa hasemi sana, najua ziwa. Bibi alikuwa ameniegemea, nikamhisi ananisubiri pamoja na mwalimu.

Nikasema sijui. Mwalimu alingoja kidogo, akidhani labda nitakumbuka. Sikuwa na kitu cha kukumbuka, hapana aliyewahi kunambia jina lake. Basi akainua mikono akamwombea hivyo hivyo, huyu, bibi wa huyu, na yule mwanamke niliyemdhulumu akaitikia amin kabla yangu.